Somo: Kuflashi vyoo kwa maji ya kuogea kwenye jengo la wapangaji

Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kutangaza mgao wa maji, wenye maghorofa Dar es Salaam walijionea choo kinavyokula maji. Maji ya kunywa utanunua dumu. Ya kuflashi jengo zima utanunua madumu mangapi, wakati maji ya kuogea ya jengo hilohilo yanaishia karoni?

Hesabu kwanza. Chukua jengo la watu 40. Tangi la choo la kisasa hutoa lita 6, la zamani 9 au zaidi. Kila mtu akiflashi mara 5 kwa tangi la lita 6, ni lita 1,200 kwa siku. Anayeoga kwa ndoo hutoa lita 20 tu, yaani 800 kwa jengo zima. Wa shawa hutoa zaidi. Waulize wapangaji wanaogaje kabla ya kununua chochote.

Tenganisha mabomba. Bafu, beseni la kunawia na mashine ya kufulia vipate bomba lao, lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Sinki la jikoni liache liende karoni, kwani mafuta yake huziba chujio. Maji ya kufulia nepi nayo yaende huko. Kazi hii ifanyike kwenye ramani. Sakafu ikishamwagwa zege, gharama ni nyingine kabisa.

Chujio. Anza na chemba yenye wavu wa kunasa nywele, kisha sehemu ya kutuama, kisha mchanga. Wavu utoke kwa mkono bila spana, maana atakayeusafisha kila wiki ni mlinzi, siyo fundi.

Tenki liwe dogo. Hapa ndipo watu hukosea, kwa kudhani kubwa ndiyo bora kama ilivyo kwa maji safi. Maji haya yana sabuni, jasho na taka za ngozi. Bakteria humaliza hewa iliyomo, na kwa joto letu kesho yake yananuka mayai viza. Kwa jengo hili lita 1,000 zinatosha, ziishe ndani ya saa 24. Weka koki ya kumwagia chini kabisa na bomba la kupeleka ziada karoni. Pampu ya floti (boya linaloiwasha na kuizima kufuata kina cha maji) ipandishe maji kwenye tenki dogo la juu. Klorini itiwe baada ya kuchuja. Ukiitia kabla, uchafu huimaliza haijagusa vijidudu.

Usiunganishe na maji safi. Fundi atakwambia aunge bomba la DAWASA na hili, katikati aweke koki. Kataa. Koki husahaulika wazi, na presha ikishuka wakati wa mgao maji machafu hunyonywa hadi jikoni. Maji safi ya kuongezea yadondokee tenkini kutoka juu, mdomo wa bomba usiguse maji hata tenki likifurika.

Kisha angalia shatafu. Mafundi wetu wengi huichepusha kwa tii (kiungio cha njia tatu) kutoka bomba linalolisha tangi la choo. Ukibadilisha maji ya bomba hilo bila kuiondoa tii, wapangaji watajitawaza kwa maji ya kuogea ya jirani. Shatafu ipate bomba lake la maji safi, chumba kwa chumba. Kabla ya kukabidhi jengo, tia rangi ya chakula kwenye tenki, flashi vyoo vyote, kisha fungua kila koki ya maji safi na kila shatafu. Rangi ikionekana, usikabidhi.

Maswali ya wadau

*Mkuu, nyumba yangu Mbagala imeshajengwa. Nifanyeje?*
Ogea juu ya beseni pana, maji yamwage kwa ndoo moja kwa moja kwenye bakuli la choo, kwa nguvu. Usiyatie kwenye tangi la choo. Yatalala humo na kunuka.

*Maji ya udhu msikitini yanafaa?*
Yanafaa sana, hayana sabuni nyingi. Oman maji ya udhu ya misikiti yamesafishwa na kumwagilia bustani. Kwenu vyoo viko palepale, mabomba ni mafupi.

*Mgao ukiisha, tuuzime mfumo?*
Hapana. Mkilazimika kuuzima, mwageni tenki lote na kuosha chujio siku hiyohiyo.

*Choo kimoja kinavuja maji kidogokidogo tangu tufunge mfumo.*
Mashapo yamekaa chini ya raba ya tangi. Funga koki, nyanyua raba, ifute na kitako chake, na kagua wavu wa nywele: huenda umetoboka.