Namna ya Kuchagua na Kufunga Kichujio cha Mwanga

Kabla ya kununua kichujio, amua ni mwanga upi unaoutaka, kisha chunguza utakifikia kwa pembe gani, kwa maana wengi huangalia rangi tu na kuisahau pembe.

Kioo cha rangi hufyonza mwanga usiotakiwa ndani yake chenyewe. Kadiri kilivyo kinene ndivyo kinavyofyonza zaidi, na pembe haikiathiri sana. Kinafaa kukata eneo pana, kama vile kuzuia buluu yote na kupitisha nyekundu. Kichujio cha tabaka, kwa upande wake, hupakwa utando mwembamba wa oksidi ya titani na wa silika kwa kupokezana, tabaka nyingi zikiwa na unene wa robo ya urefu wa wimbi, ili mawimbi yanayoakisiwa kwenye mipaka yake yaimarishane au yafutane. Hiki huchagua ukanda mwembamba sana wa urefu wa mawimbi, lakini ukikiinamisha, ukanda huo husogea upande wa mawimbi mafupi.

Tuchukue mpiga picha anayetafuta mwanga mwekundu wa haidrojeni, wenye urefu wa nanomita 656.3, kutoka wingu la gesi la Orion. Kichujio chenye ukanda wa nanomita 7 humwachia nanomita 3.5 tu kila upande. Akikifunga nyuma ya lenzi ya f/2, yaani yenye tundu pana la nusu ya urefu wake wa fokasi, miale ya pembezoni hukifikia kwa nyuzi 14 hivi, na ikiwa fahirisi ya tabaka ya kupinda mwanga ni 2, ukanda husogea karibu nanomita 5, hata mwanga ule ule anaoutafuta ukazuiwa. Kwa f/5, yaani tundu dogo zaidi, husogea chini ya nanomita 1. Basi apunguze tundu la lenzi, au akifunge mbele ya lenzi ndefu, ambako miale ya nyota hufika ikiwa sambamba.

Vichujio vya tabaka vinaweza kuvujisha mwanga mbali na ukanda wake, ndiyo maana vingi huunganishwa na kioo cha rangi. Elekeza uso unaong'aa kama kioo cha kujitazamia kwenye chanzo cha mwanga, ili mwanga usiotakiwa urudishwe kabla haujakipasha joto kioo cha rangi, ambacho huweza kupasuka.

Kishike kwa kingo zake. Puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha pangusa kwa karatasi ya lenzi iliyoloweshwa kidogo kwa isopropanoli (aina ya alkoholi), ukivuta kuelekea upande mmoja na kubadilisha karatasi kila mara.