Kuomba leseni ya bastola ukiwa dereva wa semi: anzia mtaani

Madereva wengi wa barabara ya Dar hadi Tunduma wakitaka leseni ya silaha wanakwenda moja kwa moja kituo cha polisi, na wanarudishwa. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji unachoishi. Hapo ndipo wenye kazi yetu tunapokwama, kwa hiyo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza tuelewane. Hakuna leseni ya silaha ya dereva. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inampa leseni mtu, kwa jina lake na kwa silaha yenye namba yake. Bastola ya tajiri wako, mwenye mzigo au gari, huwezi kutembea nayo eti kwa sababu mzigo ni wake, hata akikuandikia barua yenye mhuri. Ikikutwa kwenye kebini pale mizani ya Makambako, wa kwanza kushuka na kujieleza ni wewe. Kama hujafikisha miaka 25, subiri kwanza.

Unaandika barua kwa serikali ya mtaa, unaeleza kazi yako na sababu ya kutaka silaha. Kamati ya ulinzi na usalama inakaa, inakujadili, na muhtasari wa kikao unasainiwa na kupigwa mhuri. Wajumbe wanataka kujua tabia yako: unakunywa vipi, una ugomvi nyumbani, umewahi kuwa na kesi. Sasa dereva anayelala kwenye foleni ya Tunduma, akifika Uyole anaoga, anabadili nguo na kuondoka, nani atamsemea? Maombi yangu yaliahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo. Majirani walimfahamu mke wangu, mimi hawakuwa na la kusema. Na kwa kweli wana haki ya kusita, maana silaha ikifanya maafa, msiba unakuwa mtaani kwao.

Kilichosaidia ni kuomba likizo nikahudhuria kikao mwenyewe, nikaongozana na balozi wangu wa nyumba kumi, na nikapeleka barua ya mwajiri inayotaja njia ninazopita na aina ya mizigo. Kama kitambulisho chako cha NIDA kinaonyesha Vwawa na wewe umepanga Mbalizi, pata barua ya utambulisho wa makazi kabla ya kikao.

Kutoka mtaani faili linakwenda kata. Usiondoke dirishani kabla hujasoma kila ukurasa. Ofisi moja ilinirudisha kwa sababu mhuri wa muhtasari haukuwa na tarehe, na aliyeugonga alikuwa safarini. Angalia tarehe, saini za wajumbe wote, na jina lako liandikwe kama lilivyo NIDA, herufi kwa herufi.

Baada ya hapo ni kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya: mahojiano na alama za vidole. Kisha kamati ya usalama ya wilaya, mkoa, hadi makao makuu ya Polisi. Sheria inataka pia uwe umefundishwa kutumia silaha. Malipo yote ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Anayetaka umtumie hela kwenye simu yake ili "asogeze faili" mkatalie, na TAKUKURU wapo.

Ukishapata leseni, barabarani kuna mambo matatu ya kuzingatia. Silaha haiachwi na tandiboi, yaani utingo wako, hata kama unashuka kula tu pale Ilula. Haishikwi na mtu aliyelewa. Na barabara yetu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, wakati sheria ya hifadhi za taifa inakataza kuingia na silaha bila kibali. Malizana na jambo hilo kabla ya safari, usisubiri askari wa hifadhi akusimamishe.

Boda ndiyo inayoniumiza roho, kwa sababu vijana wanafungwa ugenini. Leseni ya Tanzania inaishia Tunduma. Ukivuka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na bastola chini ya kiti bila vibali vya nchi zote mbili, mbele ya polisi wa Zambia wewe ni mtu aliyeingiza silaha nchini mwao. Kasumulu kuelekea Malawi ni hivyo hivyo. Kama mzigo unavuka, iache silaha nyumbani kwenye sefu, au uikabidhi kituo cha polisi kabla ya safari. Ukiikabidhi, zihesabuni risasi pamoja na askari, na upewe hati yenye namba ya silaha na idadi ya risasi.

Kwa hiyo dereva ambaye safari zake zote ni Lubumbashi au Lusaka, mimi simshauri aanze maombi haya. Anayezunguka Mbeya, Iringa na Njombe na mzigo wa ndani, hasa anayepanda mlima Kitonga usiku gari likitambaa, huyo ana sababu ya kuipeleka mbele ya kamati.