Somo: Kupunguza viporo karakanani

Kiporo ni kazi yoyote iliyoanzwa na haijamfikia mteja, hata ikiwa imesimama ikingoja vanishi ikauke. Mfano wetu ni karakana ya fanicha yenye mafundi wanne, kama zilivyo nyingi Kibuye, Kisumu.

1. Hesabu. Zunguka na chaki, tia alama kila kazi iliyoguswa. Usitegemee kitabu cha oda. Hakionyeshi kitanda kilichosukumwa nyuma ya mbao. Kisha pitia risiti za wiki 8, ujue mnakabidhi kazi ngapi kwa wiki.

2. Gawanya. Viporo 14, mkikabidhi 2 kwa wiki: oda hukaa wastani wa wiki 7. Viporo 6 kwa kasi hiyo hiyo: wiki 3. Uhusiano huu aliuthibitisha Mmarekani John Little mwaka 1961, na unafaa pale kazi zinazoingia na zinazotoka zinapolingana.

3. Chora ubao: Zinasubiri, Kukata na kuunga (3), Msasa na vanishi (2), Kukabidhi (1). Kila oda ni kadi moja, na namba kwenye mabano ni kikomo cha kadi katika safu hiyo. Kadi haisogei mpaka safu ya mbele ipate nafasi. Msifungue oda mpya hadi 14 zishuke kuwa 6. Kwa kasi ya 2, ni wiki 4.

4. Tenga dipoziti. Hapa ndipo wengi huanguka. Pesa za mteja mpya zinanunua mbao za mteja wa zamani, basi inabidi kupokea oda nyingine ili ya jana iishe, na viporo vinazaana. Dipoziti itoshe vifaa vya oda ile tu, ikae kwenye bahasha yenye namba yake, na ipokelewe siku kadi inapotoka Zinasubiri. Mteja aliyeambiwa ukweli kuhusu foleni hukasirika kidogo. Aliyelipa akazungushwa miezi miwili harudi.

MASWALI

Nakuru: Ofisini kwetu wakubwa ni watatu, kila mmoja anasema kazi yake ndiyo ya kwanza. Tufanyeje?

Wakutane Jumatatu dakika 20 mbele ya ubao, wazipange zinazosubiri kwa mstari mmoja. Namba 1 ni moja. Anayetaka yake ipande ataje mbele ya wenzake ipi ishuke.

Kakamega: Na jeneza? Msiba haungoji foleni.

Kweli, na haufai kungojeshwa. Wekeni nafasi moja ya dharura nje ya zile 6, moja tu kwa wakati. Ikijaa kila wiki, hiyo si dharura tena: ipeni safu na fundi wake.

Kisumu: Safu ya mbele imejaa, fundi wangu wa msumeno akae bure?

Asaidie kupiga msasa, anoe patasi, apime mbao za oda inayofuata. Asikate. Mbao zikishakatwa, kiporo kimezaliwa.