Kuchora kila siku: dakika 20 za kulinoa jicho

Anayeanza kuchora hudhani mkono ndio mzito. Mara nyingi jicho ndilo halijazoea: anachora kikombe anachokijua kichwani, huku kilicho mezani hakukitazama sawasawa. Ndiyo maana dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi.

Daftari tengeneza mwenyewe. Kunja katikati karatasi 20 za A4, zile za fotokopi, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, shona kwa uzi. Tayari una kurasa 80, na hutaogopa kuziharibu kama ambavyo ungeogopa la bei kali. Penseli ya 2B inatosha, kwani HB haikolei na 6B huchafua kiganja. Raba iache nyumbani.

Dakika tano za kwanza chora watu wa kituoni wanaosubiri daladala, sekunde 30 kila mmoja. Anza na mstari mmoja kutoka shingoni, upite mgongoni, ushuke hadi mguu unaobeba uzito. Kisha weka mstari wa mlalo wa mabega na wa nyonga. Mtu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo hushuka. Ukiichora milalo yote miwili sambamba, atasimama kama mlingoti. Uso na vidole achana navyo. Akipanda gari, hamia kwa mwingine.

Dakika kumi zinazofuata ni za kitu kimoja kisichosogea, tuseme kikombe. Nyoosha mkono ulioshika penseli, fumba jicho moja, pima upana wa kikombe kwa ncha na kidole gumba, halafu linganisha na urefu. Kiwiko kikikunjika kidogo tu, kipimo kimeharibika. Kwenye mdomo wa kikombe ndiko wengi huanguka: pembeni huweka ncha kali, na kitako hukipigia mstari ulionyooka. Mdomo huo ni duara lililobonyea, halina kona popote. Kitako nacho hupinda, tena kuliko mdomo, kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa macho yako.

Zilizobaki, chora kiganja chako bila kutazama karatasi hata mara moja, jicho likitambaa ukingoni na penseli ikilifuata taratibu. Kitatoka kibaya, nacho kinatakiwa kiwe hivyo.

Mistari ikiwa na manyoya, yaani vipande vifupivifupi vinavyopandana, unachezesha kifundo cha mkono peke yake. Sogeza mkono kuanzia begani, pita hewani mara mbili juu ya karatasi, ndipo uguse.

Andika tarehe kila ukurasa, na usichane hata mmoja. Baada ya siku 30 chora kikombe kilekile, uziweke kurasa mbili kando kwa kando. Kama pembe za mdomo bado ni kali, wiki nzima inayofuata chora sahani, sufuria na ndoo tu.