Mteja wa siri Nevada na California: leseni kabla ya kazi ya kwanza

Mteja wa siri ni mtu anayelipwa kujifanya mteja wa kawaida ili kuripoti huduma aliyopata. Kabla ya kukubali kazi hiyo Nevada, Marekani, fungua sura ya 648 ya sheria za jimbo hilo. Humo, kumchunguza mtu kwa malipo ili kujua mwenendo, uaminifu au uadilifu wake ni upelelezi binafsi. Ripoti kwamba keshia hakutoa risiti ni ripoti ya mwenendo wa mtu, ndiyo maana mteja wa siri anaingia kwenye sheria hiyo.

Huhitaji leseni kamili ya upelelezi. Hiyo hudai umri wa miaka 21, uzoefu wa miaka mitano na mtihani. Njia ya kawaida ni kuajiriwa na kampuni yenye leseni, nawe ujisajili kwenye bodi ya jimbo inayosimamia wapelelezi binafsi, uchukuliwe alama za vidole na upate kadi ya kazi.

Anza na kampuni. Omba namba yake ya leseni, kisha uihakiki kwenye bodi yenyewe. Usitosheke na picha uliyotumiwa. Watu hukwama hapa: kampuni ya jimbo jingine inampa msafiri kazi moja tu Las Vegas, naye anadhani kazi moja haihesabiki. Inahesabika. Kadi yako nayo haikuruhusu kupokea wateja wako mwenyewe.

California ina utaratibu wake, na kadi ya Nevada haina kazi huko. Leseni ya mpelelezi inadai saa 6,000 za uzoefu. Soma maelezo ya kazi kwa makini: wakikutaka umtege mfanyakazi kuona kama anaiba, huo ni uchunguzi wa uadilifu, na lazima uwe chini ya mwenye leseni. Kifungu cha 2930 cha sheria ya kazi kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nakala ya ripoti ya namna hiyo kabla ya kumwadhibu au kumfukuza. Kwa hiyo andika ukijua kwamba mhusika ataisoma: saa, maneno yaliyosemwa, kiasi cha chenji. Dhana zako ziache nje.

Usirekodi simu kwa siri. Majimbo yote mawili yanataka ridhaa ya pande zote.

Na anayekutumia hundi uiweke benki, kisha urudishe sehemu ya fedha, ni tapeli. Hundi itakataliwa, na deni litabaki kwako.