Kabla hujaagiza tairi la pikipiki kutoka nje

Bei ya mtandaoni isikuhadae. Mimi niliona tairi la nyuma, saizi 110/80-17, bei chini kuliko madukani hapa Mombasa, nikabonyeza.

Kwanza, mzigo wa ndege hautozwi kwa mizani peke yake. Tairi lina tundu katikati, na hilo tundu unalilipia. Chukua futi upime sentimita: 61 mara 61 mara 11, gawanya kwa 5,000, ndivyo wasafirishaji wanavyogeuza ukubwa kuwa kilo. Kilo 8 na ushei hizo, na tairi lenyewe ukilibeba mkononi halifiki hapo.

Likishaingia nchini kuna ushuru wa forodha, ada ya IDF (ya tamko la kuingiza bidhaa), ada ya kuendeleza reli, halafu VAT ya asilimia 16. Na VAT haipigwi kwenye bei ya tairi tu. Hujumlishwa kwanza bei, usafiri, bima na ule ushuru wenyewe. Kodi juu ya kodi, basi. Benki nayo hukata chake kugeuza dola.

Langu lilipofika nikatazama ubavuni, tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT, zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 1419. Yaani wiki ya 14, mwaka 2019. Mpira ushaanza kukakamaa. Kulirudisha, nauli juu yangu. Kwa hivyo mwambie muuzaji akutumie picha ya tarakimu hizo kabla hujalipa. Fundi wangu wa pancha pale Kongowea alilibonyeza kwa ukucha, akacheka, na hela ya kufunga akanidai vilevile.