Jinsi ya Kufuatilia Dawa za Zahanati kwa Simu ya Mkononi

Ukiambiwa dirishani kwamba dawa hakuna, iwe Bahi au Chamwino mkoani Dodoma, Tanzania, usiondoke mikono mitupu: omba jina la dawa liandikwe kwenye karatasi yenye tarehe, kisha uipige picha, ukihakikisha hakuna mgonjwa mwingine anayeonekana, maana siri yake si yako kuitoa. Tuma lalamiko kupitia e-Mrejesho, mfumo wa serikali unaofikika hata kwa simu ya kitochi ukipiga *152*00#, ukitaja kituo, siku na dawa. Maneno kama "huduma mbovu" hayamsaidii yeyote. Wakikaa kimya, andika ombi la taarifa kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Nakala mpelekee mwenyekiti wa kamati ya zahanati.